Sumu Isiyoonekana: Jinsi Miani Hatari ya Baharini Inavyogunduliwa na Kufuatiliwa

Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Sumu ya nyama ya kasa haihitaji nyama ioze, wala haiondoki kwa kupikwa. Wataalamu wanaihusisha na miani yenye sumu ambayo kasa huila baharini.

Tumeanza na msiba huo kwa sababu unabeba msingi wa somo letu. Sumu ya miani haitambuliki kwa jicho, pua wala ulimi wa mpishi. Hutambuliwa kwa vipimo.

Miani hatari ni ipi?

Hatukusudii mwani unaolimwa Unguja na Pemba kwa ajili ya kuuzwa. Tunakusudia vijimea vidogo mno vinavyoelea majini au kushikamana na matumbawe na majani ya bahari, ambavyo havionekani bila hadubini. Vingi havina madhara, navyo ndivyo chakula cha kwanza cha viumbe wa baharini. Aina chache hutengeneza sumu. Zinapopata joto, mwanga na rutuba ya kutosha, huweza kuongezeka kwa wingi katika siku chache.

Chaza, kome na kombe hula kwa kuchuja maji. Wanapochuja maji yenye vijimea hivyo, sumu hurundikana katika nyama yao ilhali wao wenyewe huonekana wazima. Mwenye kuumia ni mlaji.

Funzo kutoka Kanada

Mwishoni mwa mwaka 1987, watu zaidi ya 100 nchini Kanada waliugua baada ya kula kome waliofugwa katika kisiwa cha Prince Edward. Baadhi yao walipoteza kumbukumbu, na wengine walifariki. Uchunguzi uligundua asidi ya domoiki, iliyotokana na vijimea vya jamii ya Pseudo-nitzschia. Kabla ya hapo, sumu hiyo haikuwa miongoni mwa zile zilizopimwa katika kome. Leo kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa ni miligramu 20 kwa kila kilo ya nyama. Kwa saksitoksini, ambayo hupoozesha misuli, kiwango ni miligramu 0.8 tu.

Ufuatiliaji hufanywaje?

Kwanza, hupimwa maji. Wataalamu huchota maji mahali palepale kwa vipindi maalumu, huyatia dawa yenye ayodini ili vijimea visiharibike, kisha huviacha vitulie chini ya chombo na kuvihesabu kwa hadubini. Aina yenye sumu ikianza kuongezeka, hiyo ni dalili ya mapema.

Pili, hupimwa nyama ya chaza au kome katika maabara. Hiki ndicho kipimo kinachoamua. Kiwango kikizidi kile kilichowekwa, uvunaji husimamishwa mpaka vipimo vya baadaye vionyeshe kwamba sumu imepungua. Baadhi ya kombe hujisafisha kwa majuma machache, na wengine huchukua miezi.

Tatu, satelaiti huangalia rangi ya bahari kutoka angani. Huonyesha mahali ambapo vijimea vimeongezeka, lakini haziwezi kueleza kama vina sumu. Kwa hiyo haziondoi haja ya mtu wa kwenda kuchota maji.

Dhana tunazokutana nazo

Wapo wanaoamini kwamba maji yakiwa maangavu chakula ni salama. Si kweli. Maji yanaweza kuwa mekundu bila sumu, na yanaweza kuwa maangavu yakiwa nayo. Wengine hutegemea ndimu, chumvi, moto mkali au jokofu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoaminika kuondoa sumu hizi. Kumwonjesha paka kwanza nako si kipimo, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Mlaji afanye nini?

1. Usile nyama ya kasa, wala usimpe mtoto. Licha ya hatari yake, kumvua kasa ni kosa kisheria Tanzania na Kenya.
2. Unaponunua chaza, kome au kombe, uliza walivunwa wapi na lini.
3. Tangazo la kusimamisha uvunaji likitolewa, liheshimu hata kama maji ya bamvu yamefichua kombe wengi ufukweni.
4. Usiokote wala kula samaki waliokutwa wamekufa ufukweni. Toa taarifa kwa ofisi ya uvuvi iliyo karibu.
5. Ukihisi ganzi midomoni au vidoleni, kutapika, kizunguzungu au kupumua kwa shida baada ya kula, nenda hospitali mara moja bila kusubiri asubuhi. Sumu inayopoozesha haina dawa ya kuibatilisha, lakini mgonjwa anayesaidiwa kupumua kwa wakati huweza kupona. Chukua mabaki ya chakula hicho yakapimwe, na uwaonye wote mliokula pamoja, hata wasioona dalili yoyote.