CN na DAP kwenye tanki moja: hapo unatengeneza mfupa

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja mwenye nusu eka ya nyanya za dripu alinipigia: "Bwana shamba, mistari haitoi maji." Nilipofika tukakata mpira mmoja. Ndani kulikuwa na utando mweupe kama chokaa, na matundu yameziba. Nikamuuliza aliweka nini. Akajibu, "Si ulisema kalsiamu ili nyanya zisioze kitako, na fosforasi kwa ajili ya mizizi? Nimeweka zote." Alikuwa ameloweka DAP usiku kucha, akaichuja, akaimimina kwenye tanki lenye CN. Ni kweli nilimwambia atumie zote mbili. Kutenganisha sikumwambia.

Jaribu nyumbani. Yeyusha kijiko cha CN kwenye chupa moja na cha DAP kwenye nyingine, chuja kila moja ibaki angavu, halafu changanya. Papo hapo maji yanageuka maziwa. Ule weupe ni kalsiamu fosfeti, jamii ileile ya madini yanayofanya mfupa na jino kuwa vigumu.

Sasa hapa ndipo panaponifurahisha. Maabara zinazotengeneza kauri za kujazia mifupa iliyopungua, au za kupaka juu ya nyonga za chuma, mara nyingi huanza na chumvi hizohizo mbili: kalsiamu naitreti na fosfeti ya amonia, ila safi sana. Moja inadondoshwa polepole ndani ya nyingine huku ikikorogwa, na amonia inaongezwa ili pH ibaki juu, kwenye 10 hivi. Wanapima kalsiamu 10 kwa fosforasi 6, yaani uwiano wa 1.67, wapate haidroksiapataiti. Ukishuka hadi 1.5, ukichoma unapata fosfeti nyingine inayoyeyuka haraka zaidi mwilini. Mchanganyiko unaachwa ukomae, unachujwa, unaoshwa kuondoa amonia na naitreti, unakaushwa. Unga ukishindiliwa na kuchomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1000, chembe zinashikana na kuwa kauri. Chembe zikiwa ndogo sana zinashikana vizuri zaidi, ndiyo maana wanahangaika zibaki za nanomita. Nanomita ni milimita moja uigawe mara milioni.

Udogo huo ndio uliotuponza. Filta ya dripu ya meshi 120 inapitisha kitu cha hadi kama mikroni 130, kwa hiyo chembe changa zinapita bila kugusa. Zinakuja kugandana mbele, maji yanapopunguza mwendo kwenye tundu. Na DAP inaongeza balaa kwa sababu maji yake yanaelekea pH 8, na fosfeti hii hupenda kuganda pH ikipanda. (Usidanganyike kwamba mbolea yako inaweza kuwa dawa ya mifupa. Ina uchafu mwingi.)

Kwa hiyo CN iwe na tanki lake au siku yake, na kati ya mbolea hizo mbili pitisha maji matupu mpaka mistari isafike. CN usiiweke na mbolea za salfeti pia, mnaganda jasi. Fosforasi ya kwenye dripu chukua MAP ile inayoyeyuka yote. Maji yake ni ya uchachu.

Tulichofanya kwa kijana: tulitoa mipira shambani, tukaijaza maji yenye asidi ya naitriki, pH karibu 2, tukaacha saa moja, tukafungua miisho na kusukuma maji safi. Glovu na miwani ni lazima, na asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, usifanye kinyume. Mistari mingi ilifunguka. Minne iligoma, akanunua mingine, na nusu ya bei nilichangia mimi.