Mdogo wangu anapigwa kizuizini

Swali: Mdogo wangu ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Mahakama iliona haelewi kesi, akazuiliwa bila muda. Juzi nilimkuta na alama za fimbo. — Dada yake, Maua

Jibu: Pole sana, dada. Kifungu cha 167 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai ndicho kilichowafungia watu kama yeye “kwa matakwa ya Rais”. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, mjini Meru, ilikikataa: kumfungia mtu bila kikomo ni kinyume cha Katiba. Omba wakili aipeleke amri ya kumzuia mdogo wako ipitiwe upya.

Kipigo hakingoji wakili. Katiba, kifungu cha 29, inakataza mateso hata kwa mfungwa. Dai apelekwe kwa daktari, fomu ya P3 ijazwe, kisha andikia Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Mhoji mdogo wako mbali na askari. Mbele yao atanyamaza. Nenda wiki hii.