Kangaga Mti na Mkoma: Umbo, Nasaba na Tatizo la Istilahi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Lokichoggio, Kakuma au Lodwar anapokutana na neno kangaga kamusini, hana mfano wa karibu wa kumwonyesha maana yake. Kangaga hupenda unyevu, ilhali Turkana ni nchi kame. Kangaga lenye kimo cha mti liko mbali zaidi, katika misitu ya Mlima Kenya, Taita na Usambara. Makala haya yanakusudia kulieleza kwa kulilinganisha na mkoma, ambao Waturkana huuita eengol na kusukia vikapu makuti yake.

Umbo

Kwa mtazamo wa mbali mimea hii inafanana: shina refu na majani makubwa kileleni. Aidha, mashina yote mawili hayana kambiamu, tabaka inayounenepesha mgunga mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, shina la kangaga mti huimarishwa na vikonyo vya majani ya zamani pamoja na mizizi mingi inayoteremka nje yake na kulivika kama joho. Majani yake machanga hujiviringa mithili ya kombe la konokono.

Tofauti kubwa imo katika uzazi. Mkoma huchanua na kuzaa matunda yenye mbegu. Kangaga mti halina ua wala mbegu. Lina vifuko vya spora upande wa chini wa jani. Spora ikiota huwa kimmea kidogo bapa, ambapo chembe ya kiume huogelea majini hadi kulifikia yai. Pasipo unyevu, uzazi huo haukamiliki.

Uainishaji

Katika mfumo uliochapishwa mwaka 2016 na jopo la wataalamu wa makangaga, makangaga miti ya leo kwa sehemu kubwa yamo katika oda ya Cyatheales yenye familia 8. Cyatheaceae hutambulikana kwa magamba, Dicksoniaceae kwa nywele. Spishi ya kwetu iliyoitwa Cyathea manniana mwaka 1865 sasa huwekwa katika jenasi ya Alsophila. Psaronius, aliyestawi miaka milioni 300 hivi iliyopita, naye alikuwa na umbo la mti, lakini ni wa oda nyingine, Marattiales. Ni dhahiri basi kwamba "mti" ni umbo, si nasaba.

Hitimisho

Je, tuseme mkangaga, kwa kufuata ngeli ya U-I? La. Kwanza, neno hilo limekwisha tumika kwa mmea wa majimaji wa jamaa ya mafunjo. Pili, linaficha nasaba. Istilahi kangaga mti inafaa zaidi: neno kuu linataja ukoo, kivumishi kinataja umbo, na upatanisho unabaki wa LI-YA: kangaga mti hili, makangaga miti haya.

Watunga kamusi nao waeleze spora na kuutaja mkoma kama kilinganishi. Msomaji wa Lokichoggio hana msitu wa kwenda kuhakikisha. Fasili ndiyo msitu wake.