Somo la Kiingereza cha Kale: "Thou" Si Neno la Heshima

Watu wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe waliojifunza Kiingereza kwa vitabu vya dini wamekutana na maneno "thou", "thee", "thy" na "ye". Maneno hayo hayasikiki sokoni, wala afisini, wala katika kivuko cha Likoni. Kwa kuwa huonekana katika sala na maandiko matakatifu, wengi hudhani ya kuwa ni maneno ya heshima kubwa, yanayowafaa wafalme na wakubwa wa kazi. Dhana hiyo si sahihi, tena yaweza kumtia mtu hasarani.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Changamwe aliyemaliza masomo, naye ataka kazi ya ukarani. Aketi usiku akiandika barua yake, na kwa kutaka kumtukuza mkubwa wa afisi, kila mahali amwandikia "thou" na "thee". Moyoni mwake alikusudia kusema "Mheshimiwa". Lakini lau barua hiyo ingalisomwa na bwana wa Kiingereza wa miaka 400 iliyopita, angaliona kwamba kijana amemwita kama amwitavyo mtumishi wake. Na mkubwa wa leo aisomapo hucheka, kisha aiweka kando. Wazee husema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Maana ya maneno yenyewe

Msemaji wa Kiswahili anao ufunguo wa jambo hili tayari. Kiswahili hutenga mtu mmoja na watu wengi: "umekuja" ni mmoja, "mmekuja" ni wengi; "nimekuona" ni mmoja, "nimewaona ninyi" ni wengi; "chombo chako", "chombo chenu". Kiingereza cha leo hakitengi. Neno "you" ni wewe, na neno hilo hilo ni ninyi. Lakini Kiingereza cha kale kilitenga kama Kiswahili, hivi:

"Thou" ni wewe, mtu mmoja atendaye.
"Thee" ni wewe unayetendwa, yaani lile "ku" lililomo katika "nimekuona".
"Thy" ni -ako.
"Thine" pia ni -ako, ila husimama peke yake, au mbele ya neno linaloanza kwa sauti kama a, e, i, o au u.
"Ye" ni ninyi mtendao.
"You" ni ninyi mnaotendwa.
"Your" ni -enu.

Vitendo navyo hubadilika vikifuata "thou". "Thou art" ni wewe u. "Thou hast" ni wewe una. "Thou shalt" huonyesha amri au jambo lijalo. Na vitendo vingine huongezewa "-est" au "-st" mwishoni. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kuandika "thou hath". Neno "hath" si la wewe. Ni la yeye, maana yake "ana".

Jinsi "you" ilivyoshinda

Tangu karne ya 13 Waingereza walianza kuiga desturi ya Kifaransa ya kumwita mkubwa mmoja kana kwamba ni watu wengi. Desturi hiyo wajua vema wenyeji wa Kongo waliosoma Kifaransa, kwa maana hawamwambii mkubwa "tu", bali "vous". Basi "you" ikawa neno la adabu, na "thou" ikabaki kwa mtoto, mtumishi, rafiki wa ndani, na kwa mtu adharauliwaye.

Mwaka 1603, huko Winchester, Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini. Mwendesha mashtaka wa mfalme, Sir Edward Coke, alimwita "thou" mbele ya watu wote kusudi amvunjie heshima. Na katika karne hiyo hiyo wafuasi wa George Fox, wale waitwao Marafiki au Quakers, walikataa kumwambia tajiri "you" na maskini "thou". Walisema wanadamu wote ni sawa, nao wakawaambia wote "thou", hata mahakimu. Kwa ajili hiyo walitukanwa na kupigwa. Wamisionari waliofika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902 walikuwa wa madhehebu hiyo.

Wengine watauliza: ikiwa ni hivyo, mbona Mungu huitwa "Thou"? Sababu ya kwanza ni kwamba wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walifuata lugha za asili, Kiebrania na Kiyunani, ambazo hutenga mmoja na wengi. Sababu ya pili ni kwamba "thou" lilikuwa pia neno la ukaribu, kama mtoto na baba yake. Baadaye "thou" ilipotoweka katika maneno ya kila siku na kubaki katika sala peke yake, watu wakaanza kuidhania kuwa ni neno la utukufu.

Faida yake kwa msomaji

Upande wa Kisauni uko mji wa Frere Town, ulioanzishwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875 kwa watu waliookolewa utumwani. Kengele yake ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni. Chuo cha wahudumu wa Kanisa kilikuwapo huko hata kilipohamishiwa Limuru mwaka 1930. Kiingereza cha misheni za namna hiyo kilitegemea sana Biblia ya 1611 na Kitabu cha Sala cha 1662, navyo vyote viwili vina "thou" na "ye". Avisomaye bila kujua tofauti hupotewa na maana.

Mfano mzuri umo katika Luka, sura ya 22, aya ya 31 na 32. Yesu asema na Simoni peke yake. Kwanza amwambia kwamba Shetani amewataka, na neno la Kiingereza ni "you", maana yake wanafunzi wote. Kisha amwambia kwamba amemwombea, na neno ni "thee", maana yake Simoni peke yake. Hatari ni ya wote. Dua ni ya mmoja, ili awaimarishe wenzake. Katika Kiingereza cha leo tofauti hiyo haionekani ila kwa maelezo. Katika Biblia ya Kiswahili yaonekana mara moja.

Waislamu nao watalikuta neno hilo katika tafsiri za Kurani za Marmaduke Pickthall, ya mwaka 1930, na Abdullah Yusuf Ali, iliyoanza kutolewa mwaka 1934. Katika Al-Fatiha Mwenyezi Mungu huitwa "Thee", kwa kuwa Kiarabu hapo chataja mmoja. Aliyesoma chuoni na kujua "anta" na "antum" hatapata taabu.

Zoezi

Msomaji na afasiri maneno haya kabla ya kutazama majibu:

1. Thou hast a boat at Likoni.
2. I saw thee at Changamwe.
3. Ye dwell at Kisauni with your children.
4. Thy brother hath thine oar.

Majibu: (1) Wewe una mashua Likoni. (2) Nilikuona Changamwe. (3) Ninyi mnakaa Kisauni pamoja na watoto wenu. (4) Ndugu yako ana kasia lako.

Basi maneno haya yafaa kusomwa na kufahamika, lakini hayafai kuandikwa katika barua ya leo. Kijana aombaye kazi na aandike "you", na heshima yake aionyeshe kwa "Dear Sir" au "Dear Madam", kwa "please", na kwa hati safi. Mswahili naye hamheshimu mzee kwa kubadili neno "wewe". Humheshimu kwa shikamoo.