Kumsaidia Ndugu Aachaye Pombe: Somo kwa Familia na Majirani

Ndugu wananchi wa mpakani, wako wazazi wanaoomba polisi wamfungie kijana wao mlevi siku chache, "mpaka pombe imtoke". Ombi hilo hutokana na uchungu, lakini lina hatari.

Mwili uliozoea waragi au chang'aa kila siku, kwa muda mrefu, haufai kunyimwa ghafla pasipo uangalizi. Katika saa za kwanza mikono hutetemeka na jasho hutoka. Ndani ya siku mbili degedege yaweza kumpata. Baadaye aweza kuweweseka, kuona yasiyokuwapo, hata kufa. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kituo cha afya, wala si chumba kilichofungwa. Tabibu anazo dawa za kuituliza hali hiyo. Hospitali za Butabika, Kampala, na Mathari, Nairobi, hupokea wagonjwa wa uraibu.

Akisharudi nyumbani, wajibu ni wa jamaa:

1. Pombe isiuzwe wala isiwekwe nyumbani humo.
2. Apewe kazi ya kila siku, na asiachwe peke yake jioni.
3. Jamaa walio ng'ambo ya mpaka waarifiwe, maana anyimwaye kilabuni huku huvuka akanywe kule.
4. Majirani wasimwite mlevi.
5. Akirudia kunywa, arejeshwe kwa tabibu pasipo matusi. Kujikwaa si kuanguka.

Mkimwona akitetemeka au kuweweseka usiku, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali, mkikosa usafiri, njoni kituoni tusaidiane.