Chumvi ya mawe, magadi na kiungulia: jibu kwa msomaji wa Tabora

Msomaji mmoja wa Isevya, Tabora, ana mimba ya miezi sita na tumbo lisilotulia. Akila ugali kwa maharage, gesi inajaa na kiungulia kinapanda hadi kooni. Mama mkwe wake amemletea kipande cha chumvi ya mawe kutoka sokoni: akiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, anywe baada ya kula. Amejaribu, akapiga mbweu mbili tatu, akapata nafuu. Anauliza kama aendelee.

Kwanza akamulie limau juu ya kile kipande. Kikitoa povu, hicho ni magadi. Kikinyamaza, ni chumvi. Watu wengi huvichanganya, na si ajabu, kwa kuwa vyote huuzwa kwa vipande vyeupe au vya kijivu. Lakini tumboni havifanyi kazi moja.

Kwa zile mbweu, safu hii inashuku magadi. Magadi hutoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron, na ni mchanganyiko wa kabonati na bikaboneti ya sodiamu. Yakikutana na asidi ya tumbo huipunguza makali, na papo hapo hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ndiyo mbweu. Kwa hiyo mama mkwe hakumdanganya mkwewe: nafuu ipo kweli, ila ni ya muda mfupi, na asidi hurudi.

Chumvi ya kawaida haina uwezo huo. Haipunguzi asidi hata chembe.

Hata hivyo, heshima yake katika nyumba za Unyamwezi ina historia ndefu. Chumvi iliyojulikana katika njia ya misafara ya Tabora hadi Ujiji ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Haikuvunjwa mwambani, maji yalichemshwa vyunguni mpaka yakakauka. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts, waliochimba huko miaka ya 1960, walikuta dalili za kazi hiyo za tangu yapata miaka 1,500 iliyopita. Wapagazi waliotoka Tabora kwenda Ujiji walipita humo humo, na Richard Burton, aliyefika Uvinza Februari 1858, aliandika kuhusu chumvi hiyo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita Uvinza. Bidhaa iliyobebwa kichwani kwa siku nyingi namna hiyo, ni rahisi watu kuiona dawa.

Sasa madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo inahesabiwa hata ile ya kwenye mboga na mkate. Anayekunywa maji ya chumvi kila baada ya mlo huvuka kiwango hicho bila kujua. Maji yenye chumvi kali huweza pia kuendesha. Magadi nayo yana sodiamu nyingi, jambo baya kwa mwenye presha, na utafiti uliofanywa Tanzania umeyahusisha na meno ya kahawia kwa watoto, kwa sababu ya floraidi iliyomo. Tena chumvi ya mawe isiyopitia kiwandani kwa kawaida haijaongezwa madini joto, ambayo mjamzito anayahitaji kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Jikoni kwake ibaki ile ya pakiti yenye madini joto.

Maharage ayaloweke usiku kucha, amwage maji hayo, ayapike kwa maji mapya. Gesi itapungua. Magadi huyaivisha haraka, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1. Kuhusu kiungulia, ale kidogo kidogo mara nyingi, asilale kabla ya saa mbili au tatu kupita tangu mlo, na ainue upande wa kichwani wa kitanda kwa matofali. Isipotosha, muuguzi wa kliniki atampa dawa inayomfaa mjamzito.

Mahali chumvi inapookoa maisha ni kwenye kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Hapo sukari huisaidia sodiamu kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Pakiti ya ORS ni bora zaidi ikipatikana.

Lipo jambo moja ambalo mama mkwe huenda halijui. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba, maumivu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, yakija pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au uso na mikono kuvimba, yanaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia. Wengi huyadhania kiungulia na kutafuta magadi. Akiyaona, aende hospitali ya Kitete au kituo chochote kilicho karibu apimwe presha na mkojo, hata kama ni saa nane za usiku.