Somo la Kikundi: Nani Alipanga Kijiji Chetu?



Ukitembea katika vijiji vya zamani hapa Othaya utaona ploti ndogo ndogo zimebanana, zimepangwa kwa mistari. Ukiuliza wazee watakwambia, "Hii ni gichagi ya wakati wa hali ya hatari." Tuanzie hapo.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Juni 1954 ikaamua kuwatoa watu mashambani mwao na kuwaweka pamoja. Nyumba zilichomwa. Waliojenga vibanda vipya walikuwa hasa akina mama, maana wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Karibu kulikuwa na kituo cha homugadi, na vijiji vingi vilizungushiwa mtaro na seng'enge. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa katika vijiji zaidi ya 800. Mistari ilinyooka ili mlinzi aone mbali, si ili mama afike mtoni upesi.

Lakini kupanga makao si kosa. Mwaka 1929, huko New Jersey, Marekani, ulianza kujengwa mtaa uitwao Radburn. Waliouchora, Clarence Stein na Henry Wright, walitenga uwanja wa wote na vijia vya miguu, nyumba zikaelekea huko, magari yakabaki upande wa nyuma. Mtoto alienda shule bila kukutana na gari. Penye barabara kubwa, kijia kilipita chini yake. Uchumi ulianguka mwaka huohuo na mtaa haukumalizika, ila ule uwanja uko hadi leo.

Kwetu, ardhi ilipokusanywa na kupimwa, wenye mashamba walirudi kwao. Wasio nayo walibaki kijijini, na wajukuu wao wangali huko. Sasa, serveya akija kupima kwa ajili ya hatimiliki, ataonyeshwa ploti peke yake? Njia ya mtoni na mahali pa bomba visipoingia kwa ramani, kesho jirani ataweka ua na huna la kumwambia. Sisi tumeshaona jeneza likipitishwa juu ya ua.

Kazi ya mkutano ujao: mwiteni cucu au guka anayekumbuka ule mtaro. Chukueni karatasi ya manila, mchore kijiji pamoja naye.

1. Ni njia gani zilikuwa za wote, na sasa zimefungwa?
2. Watoto wetu huchezea wapi?
3. Nani yuko tayari kurudisha hatua mbili za ploti yake?